Sanduku la Funguo Tatu

Kufuli ya tatu iligoma. Bi Eunice Tapp aliuzungusha ufunguo wake kulia, akauzungusha kushoto, akaupulizia pumzi ya moto, kisha akamkazia macho Inspekta Ridsdale kana kwamba yeye ndiye aliyeiharibu.

"Baridi hii," alisema. "Mwaka huu hata chuma kimekufa ganzi."

"Mpe Gilbert," alisema Kasisi Croome. "Yeye anajua kuibembeleza."

Gilbert Aldous, mzee wa kanisa, aliupokea ufunguo. Aliuinua kidogo, akausukuma kwa kiganja, na kufuli ikafunguka papo hapo. Ridsdale aliliona hilo, akaliweka akilini.

Walikuwa wanne katika chumba kidogo cha mnarani, juu ya ngazi za mawe, na hapakuwa na nafasi ya wa tano. Sanduku la mwaloni lilikuwa na kufuli tatu: moja ya kasisi, mbili za wazee wa kanisa wawili, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Ndivyo sheria ya zamani ilivyotaka, na Nether Hallow haikuwahi kuona sababu ya kubadilisha. Tatizo ni kwamba mzee wa kanisa wa pili, marehemu Tapp, alikuwa amezikwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwomba mjane wake ufunguo, wala wa kumchagua mtu mwingine, kwa hiyo ufunguo ulikaa nyumbani kwa Bi Tapp ndani ya kopo la vifungo vya nguo.

"Mwaka gani, Inspekta?" aliuliza Kasisi.

"Nianze na 1741."

Ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na tatu Machi. Mkubwa wake alikuwa amempa mpaka Jumatatu, basi, kisha jalada la Edwin Lovibond lifungwe. Lovibond, mwalimu mstaafu aliyeijua historia ya parokia kuliko mtu yeyote, alikutwa amekufa chini ya ngazi hizi hizi tarehe ishirini na tisa Januari. Uchunguzi wa kwanza ulisema aliteleza kwenye barafu, na nani angebisha? Majira yale ya baridi, ya 1963, ardhi iliganda hata makaburi yakashindikana kuchimbwa, na Lovibond mwenyewe alingoja wiki sita kabla ya kuzikwa. Ni pale Ridsdale alipokuwa akirudisha vitu vya marehemu kwa dada yake ndipo alipogundua jambo dogo. Miwani ya kutembelea ilikuwa mfukoni. Iliyokuwa usoni alipokutwa ni ile ya kusomea.

Basi mtu huyu alikuwa anasoma. Lakini sanduku lilikutwa limefungwa kufuli zote tatu.

Aliyafunua madaftari ya ubatizo na ya mazishi polepole. Hili hapa: Jabez, mwana wa Jonas na Ann Pargeter, kabatizwa Agosti 1741. Na katika daftari la pili, wiki tatu baadaye, Jabez yuleyule kazikwa.

"Ndiyo hiyo iliyommaliza Bi Thirza Pargeter," alisema Kasisi, akikuna kidevu. "Lovibond aliionyesha kwa wadhamini, nao wakamwamuru ahame. Nyumba za sadaka za Harcombe ni za mzee ambaye ukoo wa baba yake unafika kwa mtoto aliyebatizwa hapa enzi za Bibi Harcombe aliyezijenga. Ukoo wa Thirza unafika kwa Jabez Pargeter. Na Jabez alikufa ana wiki tatu."

"Kitoto cha wiki tatu hakizai," alisema Aldous.

"Lakini kuna Jabez Pargeter aliyefunga ndoa hapa mwaka 1765," alisema Ridsdale.

"Mgeni. Jina limefanana tu. Ndivyo Edwin alivyosema."

Ridsdale alitoa daftari la Lovibond mfukoni. Mstari wa mwisho, ulioandikwa siku aliyokufa, ulikuwa hivi: *Jabez alikufa. Sawa. Lakini mama yake hakufa.*

Polisi wa kwanza walikuwa wameupita mstari huo wakidhani ni maneno ya mzee mpweke. Ridsdale hakuupita. Katika uwanja wa kanisa la kwao kuna jiwe dogo lililoandikwa *Clement Ridsdale, siku tisa*, na Clement Ridsdale mwenyewe alijifunza kusoma kwa herufi zake akiwa na miaka sita. Wazazi walipopata mwana mwingine, walimpa jina lile lile, kama ilivyokuwa desturi ya watu wengi. Zamani jiwe lile lilimtisha. Siku hizi halikumfanya kitu, kama vile mambo mengi yalivyokuwa hayamfanyi kitu.

Alilirudia daftari la ubatizo, akafunua 1742, kisha 1743. Ukurasa uliishia na ubatizo wa Oktoba tarehe tisa. Karatasi iliyofuata ilianza Mei ya 1744.

"Kasisi, parokia hii ilikuwa na watu wangapi wakati ule?"

"Mia tatu na kumi. Lovibond alikuwa anatuimbia kila mwaka."

"Na walikaa kutoka Oktoba hadi Mei bila kubatiza mtoto hata mmoja?"

Kasisi alijikohoza. "Mtangulizi wangu wa siku zile alikuwa mtu wa chupa. Huenda kalamu ilimshinda."

"Au barafu," alisema Aldous. "Kama mwaka huu."

"Barafu haizuii watoto, Gilbert," alisema Bi Tapp. "Huwaleta. Ngoja Oktoba uone birika la ubatizo litakavyokosa nafasi."

Kasisi alicheka. Aldous hakucheka. Ridsdale alipitisha ukucha ndani ya mshono wa daftari, akakuta ukingo mwembamba wa karatasi iliyokatwa kwa kisu. Karatasi nyingine zote zilikuwa za rangi ya chai. Ukingo huu ulikuwa mweupe.

Alilifunga daftari. "Makasisi wa zamani walikuwa wakimpelekea askofu nakala kila mwaka, siyo?"

"Ndiyo, ndiyo! Ukipiga simu mjini..."

"Nilipiga jana. Za miaka ile zililowa maji, hazisomeki." Akasimama. "Asanteni. Fungeni."

Aldous alizifunga kufuli zote tatu kwa mikono yake, na wenzake wakamwacha afunge.

Ridsdale alimshika Bi Tapp mkono kushuka ngazi, akamsindikiza njiani kati ya malundo ya theluji chafu ambayo bado hayajaisha.

"Bi Tapp, nani huwa anauazima ufunguo wako?"

"Gilbert. Huja, anauchukua, anauleta. Mwezi wa tisa alikuja mara mbili kwa wiki moja, mpaka nikamwambia ahamie na kopo zima."

"Na ufunguo wa Kasisi?"

"Kasisi? Mwezi wa tisa alikuwa amelazwa, nyongo. Vitu vyake vyote aliachiwa Gilbert. Hata paka."

Ridsdale alihesabu kimya kimya. Mwezi wa tisa funguo zote tatu zilikuwa katika mfuko mmoja. Mwezi wa kumi, wadhamini wakamwagiza Lovibond achunguze koo za wakazi. Na aliyetoa hoja hiyo kwenye kikao, kwa mujibu wa kumbukumbu, alikuwa mdhamini Gilbert Aldous.

"Siku aliyokufa Lovibond, ufunguo ulikuwa kwako?"

"Hapana. Edwin aliupitia asubuhi. Kaubusu, mjinga yule. Akasema, 'Eunice, leo natubu.'"

"Nani aliurudisha?"

"Gilbert. Saa kumi na moja, chai ikiwa mezani."

"Mbona hukutuambia?"

Bi Tapp alisimama katikati ya njia. "Kijana wenu aliniuliza nilimwona nani karibu na kanisa. Sikumwona mtu. Habari za ufunguo hakuuliza."

Ilikuwa kweli.

Nyumba za Harcombe zilikuwa sita, za mawe, zimeshikana mkono, zote za chini zisizo na ngazi. Katika ya nne, Bi Thirza Pargeter alikuwa akifunga vikombe kwa magazeti. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, hakuwahi kuolewa, na masanduku matatu ya mbao ndiyo yaliyokuwa maisha yake yote.

"Ingia ufunge mlango," alisema. "Joto ni la wadhamini mpaka Jumatatu."

Jumatatu ilikuwa tarehe ishirini na tano, Siku ya Bibi Mariamu, siku ambayo wapangaji wa Nether Hallow wamekuwa wakihama tangu kanisa lilipojengwa. Hapakuwa na mtu aliyefikiri kumwongezea hata wiki moja. Alikuwa amepangiwa makao ya wazee mjini, vitanda kumi na viwili chumba kimoja.

"Watu wanasema ulimtishia Lovibond, Bi Thirza."

"Sikumtishia. Nilimwahidi nitacheza juu ya kaburi lake. Nikaenda mazishini na viatu vyangu vizuri kabisa, magoti yakakataa."

"Siku aliyokufa ulimwona?"

"Nilimsikia. Aligonga saa nne asubuhi, sikumfungulia. Akaniambia kupitia tundu la barua, 'Thirza, nimekosea mimi. Nilipoona kaburi niliacha kutafuta.' Nikamwambia aende zake." Alikizungushia kikombe gazeti, akakilaza sandukuni. "Akaenda."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani, nimwambie nini? Kwamba nilimfukuza mtu aliyekuja kuniomba radhi? Nilikaa nikangoja kilio kije. Hakikuja. Nikaanza kufunga vikombe."

Ridsdale alimwonea huruma, au alijua kwamba hapa ndipo mahali pa huruma. Siku hizi hakuwa na uhakika wa tofauti yake.

"Kuna karatasi imekatwa katika daftari," alisema. "Nadhani ndani yake yumo ndugu wa Jabez, aliyezaliwa miaka miwili baadaye na kupewa jina lake. Huyo ndiye babu yako. Lakini kudhani kwangu si ushahidi. Bila karatasi yenyewe, Jumatatu unatoka."

"Na karatasi ipo?"

"Kama mimi ndiye niliyeikata, ningeichoma."

Bi Thirza alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Nyumba hii inamwendea nani baada yako?"

"Gilbert na mkewe, Rosamund. Miguu ya Rosamund imekwisha, mwaka wa pili sasa, na kwao kuna ngazi kumi na tatu. Nimezihesabu, nampelekea jamu. Usinitazame hivyo, Inspekta. Simlaumu kuitaka nyumba. Hata mimi ningeitaka."

Aldous alikuwa jikoni, anakoroga supu ya shayiri. Konstebo Heywood alibaki nje kwenye gari. Chumba kilikuwa safi kupita kiasi, safi ya mwanamume anayefanya kazi za watu wawili.

"Rosamund hula saa sita," alisema Aldous. "Kama hutajali."

"Endelea tu. Lovibond ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Nilishawaambia. Krismasi."

"Bi Tapp anasema ulimrudishia ufunguo siku aliyokufa, saa kumi na moja."

"Niliukuta mezani kule mnarani nikamrudishia. Kuna ubaya?"

"Uliukuta kabla Kasisi hajaiona maiti, au baada?"

Kijiko kilizunguka mara mbili. "Baada."

"Kasisi aliiona saa tisa, akamtuma mtu atuite, akakaa nayo mpaka tulipofika. Kuanzia saa tisa na nusu, Heywood alisimama chini ya zile ngazi mpaka kesho yake asubuhi. Hakumpitisha mtu."

Supu ilianza kutokota, Aldous akaitoa motoni. Ridsdale alikuwa akitazama ukutani, juu ya saa, ambako kulikuwa na fremu kubwa yenye mchoro wa ukoo. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu, umenyooka. *Ukoo wa Aldous wa Nether Hallow, umeandikwa na E. Lovibond, Krismasi 1951.* Juu kabisa, kwenye shina, palikuwa na jina moja.

Alilisoma kwa sauti. "Matthew Aldous. Kabatizwa tarehe ishirini Novemba 1743."

Aldous aligeuka.

"Tumetoka kulitazama daftari pamoja, Bwana Aldous. Novemba 1743 haimo. Lovibond asingeweza kuinakili tarehe hii kama haikuwemo mwaka 1951. Nadhani hata yeye ndivyo alivyogundua. Mchoro huu aliukumbuka."

Aldous aliutazama ukuta kwa muda mrefu. "Miaka kumi na mmoja imekaa hapo," alisema. "Niliacha kuiona."

"Hulazimiki kusema lolote. Ukisema, nitaliandika, na linaweza kutumika mahakamani."

"Andika." Akaketi. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Niliikata mwezi wa tisa. Niliusoma upande wa Jabez. Upande wa nyuma sikuugeuza, nilikuwa na haraka, Eunice alitaka ufunguo wake kabla ya chai. Siku ile Edwin akaniita mnarani, nije na ufunguo wangu na wa Kasisi, ambao nilikuwa bado sijamrudishia. Akanionyesha mahali palipokatwa, akaniambia, 'Gilbert, huyo Matthew wako alikuwa mgongoni mwa Jabez. Umejikata na wewe.' Akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Ndivyo alivyokuwa akicheka tangu tukiwa watoto, ukikosea hesabu. Nikamsukuma. Alikuwa amezipa mgongo ngazi."

"Kisha ukalifunga sanduku."

"Huwa nalifunga." Aliitazama mikono yake. "Nangoja nihisi kitu, Inspekta. Tangu siku ile. Nawasha moto, nakamua ng'ombe, nampandishia supu. Najiambia kesho kitakuja."

"Karatasi iko wapi?"

Aldous alikisogeza kijiko mezani.

"Uliichoma?"

Aldous alifumba mdomo. Ridsdale alielewa: mtu huyu alikuwa tayari kuutoa uhai wake wote mezani, lakini si nyumba isiyo na ngazi. Bila karatasi, Thirza angetoka Jumatatu. Na labda, kwa hesabu zake za kichaa, wadhamini wangemhurumia mke wa mfungwa.

"Mpe, Gilbert."

Sauti ilitoka juu, kupitia mbao za dari. Ilikuwa dhaifu lakini haikutetemeka.

"Lala, Rosie," alisema Aldous.

"Nalala tangu mwaka juzi. Inspekta, iko chini ya godoro langu, upande wa dirisha. Tangu mwezi wa tisa naisikia ikilia kila ninapogeuzwa."

Aldous aliinua uso. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile kulikuwa na kitu usoni mwake, na kilikuwa kibaya kukitazama. "Hukuniuliza," alisema kuelekea dari.

"Unanibeba ngazi zile kila Jumapili. Ningekuulizaje?"

Ridsdale alipanda. Mwanamke mwembamba mwenye nywele zilizosukwa vizuri alijivuta upande kadiri alivyoweza, na yeye akaingiza mkono. Ilikuwa ndani ya bahasha ya mbegu. Karatasi ya rangi ya chai, ukingo mmoja mweupe. *Tarehe sita Novemba, Jabez, mwana wa Jonas na Ann Pargeter.* Na pembeni, kwa herufi ndogo, kasisi yule wa chupa alikuwa ameongeza: *wa pili kwa jina hili.*

Ridsdale aliyasoma maneno hayo mara mbili, kisha akaigeuza. Matthew Aldous alikuwepo nyuma, mahali pake.

Alipofika tena Nyumba za Harcombe, gari la Heywood lilikuwa limeshaondoka na Aldous. Bi Thirza aliisoma karatasi kupitia kioo cha kukuzia, hakuigusa.

"Basi nabaki."

"Unabaki. Nitawapelekea wadhamini mwenyewe leo."

Hakupiga kelele, hakuketi. Aliuliza nani aliyeikata, akaambiwa. Aliuliza na Edwin je, akaambiwa. Alishika ukingo wa meza.

"Saa ngapi sasa?"

"Sita na nusu."

"Rosamund hula saa sita." Aliinama sandukuni, akatoa kikombe kimoja chenye mshikio mpana, akakifungua gazeti. Kisha akalitafuta koti lake.

"Bi Thirza, nesi wa wilaya atafika saa nane."

"Na mpaka saa nane ale nini, mbao?"

"Zile ngazi ni kumi na tatu."

"Mimi ndiye niliyekwambia. Nipe mkono, kama huna kazi."

Walikwenda polepole, yeye na karatasi mfukoni, bibi na kikombe. Njiani bibi alimwuliza jambo moja tu.

"Yule Jabez wa kwanza. Mmemfuta?"

"Hapana. Yuko kwenye karatasi yake. Hajaguswa."

"Vizuri."

Supu ilipashwa moto. Bi Thirza alikataa kushikiwa kikombe, akataka Ridsdale abaki chini asije akamwangukia. Ridsdale akabaki chini, mkono juu ya nguzo, akizihesabu hatua bila kukusudia. Ya saba ilichukua muda. Ya nane ikachukua zaidi. Kwenye ya tisa akasimama kabisa, na hapakusikika kitu, hata pumzi.

Ridsdale alijikuta ameikamata nguzo kwa mikono miwili, na moyo unamdunda kwa nguvu hata ukamshangaza. Kisha akaisikia ya kumi.